Safari ya Mtagata: Maji ya Moto na Miguu ya Mjomba

Wengi wenu mmesikia habari za maji ya moto ya Mtagata, kule ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Karagwe ya zamani, ambako siku hizi ni wilaya ya Kyerwa. Sifa zake zimefika hata huku kwetu Mwanza. Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikwenda huko pamoja na mjomba wangu. Tulikwenda kutafuta jambo moja, tukarudi na jingine.

Mjomba ni mkulima wa pamba, amepita miaka 60. Kwa miezi mingi alilalamika kwamba miguu inakufa ganzi, na usiku inamchoma kama sindano. Nikamwambia, "Mjomba, twende hospitali." Akajibu, "Mpwa wangu, hospitali watanipa vidonge tu. Mimi nataka maji ya Mtagata." Basi nikaomba ruhusa kwa Paroko, tukafunga safari.

Jioni tulipanda meli katika bandari ya Mwanza, na kulipokucha tukawa Bukoba. Toka hapo tukapanda basi, tukapita Kyaka, tukapanda milima hata Omurushaka, penye njia panda ya kwenda Kyerwa. Migomba kila upande! Sisi watu wa nchi ya mawe tulitazama tusichoke.

Siku ya pili, mwendo wa mwisho ulitubidi kwenda kwa miguu, kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa imeharibu njia na pikipiki zilikataa. Kijana mmoja mwenyeji akatuongoza. Njia inashuka bondeni katikati ya msitu mnene. Mizizi inakutega, mawe yanateleza, na siafu hawana huruma. Juu ya miti nyani walitupigia kelele kama watu walioingiliwa shambani. Mjomba alikunywa kibuyu chote cha maji peke yake, na kila mara akaomba tusimame aende kichakani. Tulipopumzika niliona damu katika kandambili yake: mwiba mrefu ulikuwa umeingia unyayoni. "Hukuusikia?" nikamwuliza. Akacheka, akasema, "Miguu ya mkulima ni migumu."

Mara tukaona mvuke kati ya miti. Jina lenyewe la Mtagata, katika lugha za huko, latokana na neno la kuwa na moto. Mahali hapa pana sifa tangu zamani. Mwaka 1876 Mwingereza Stanley, alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanika wa Karagwe, alifika akakuta wagonjwa wakioga. Naye akaoga na kuyanywa maji yale, lakini hakuona yana dawa kubwa. Joto lake latoka chini ya nchi: maji ya mvua huzama katika nyufa, hufika penye mawe ya moto, kisha husukumwa juu tena.

Nilitia kidole pale maji yanapobubujika, nikakitoa upesi. Wenyeji huoga chini kidogo, yalikopoa. Nilipogeuka, Mjomba alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu yote miwili ndani ya maji yale yale yaliyoniunguza. Mama mmoja aliyekuwa akioga akapiga kelele, "Mzee, toa miguu!" Mjomba akashangaa. "Mbona ni uvuguvugu tu?" akasema. Tulipomtoa, ngozi ilikuwa nyekundu. Asubuhi yake malengelenge yalikuwa yamejaa.

Hapo Mjomba hakubisha tena. Tulikwenda hospitali, wakampima damu, wakakuta sukari imepanda sana. Mganga akatueleza kwamba kisukari, kikikaa muda mrefu bila tiba, huua hisia za miguuni. Mtu hasikii mwiba wala moto, kidonda kinaoza taratibu, na mwisho mguu hukatwa. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara ni dalili zake, nami niliziona njia nzima nisizitambue. Kusoma kote chuoni hakukunisaidia!

Malengelenge yalichukua wiki nyingi kupona, lakini miguu yote miwili ingali yake. Sasa anameza vidonge vile alivyovidharau, anavaa viatu hata shambani, na kila jioni Shangazi humkagua nyayo. Maji ya kuoga huyapima Shangazi kwa kiwiko chake, Mzee asijetia mguu kwanza.

Sisemi msiende Mtagata. Maji ya moto wa kiasi hupumzisha viungo vilivyochoka, na msitu ule unapendeza macho. Lakini aliye na ganzi miguuni, kiu nyingi au kidonda kisichopona, akapimwe sukari kwanza, ndipo asafiri. Mjomba mwenyewe bado ayasifu maji yale. "Hayakuniponya," asema, "ila ndiyo yaliyonifikisha kwa mganga."