Anwani Zisizotulia

Nilipoanza kazi ya kutunza seva jijini Dar es Salaam, mwaka 2007, ofisi yetu ilikuwa na anwani moja tu ya IP, na anwani hiyo ilikuwa yetu kwelikweli. Intaneti ilitujia kwa setilaiti, kupitia dishi lililofungwa juu ya paa. Mawimbi yalipanda karibu kilomita 36,000 na kushuka, kisha jibu nalo likapita njia hiyohiyo, kwa hiyo ukibonyeza herufi ulisubiri zaidi ya nusu sekunde kuiona kwenye skrini. Seva zenyewe zilikuwa Ulaya, kwenye jengo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulikanyaga. Tuliziingia kwa SSH, programu ambayo Tatu Ylönen aliitunga Finland mwaka 1995, baada ya mtu kunasa nywila zilizokuwa zikipita kwenye mtandao wa chuo chake.

Fundi aliyenipokea kazini, mzee niliyempa shikamoo kila asubuhi, alinionyesha mafaili mawili: hosts.deny na hosts.allow. La kwanza lilikataa kila mtu. La pili lilikuwa na mstari mmoja, anwani ya ofisi. "Hapa hakuna mjadala, mwanangu," aliniambia. "Anayetokea ofisini anaingia. Mwingine yeyote, hata nywila asiulizwe."

Niliupenda utaratibu ule, na sababu zake nazitetea hadi leo. Seva ikiwashwa huku poti 22, ile ya SSH, iko wazi kwa dunia nzima, haupiti muda mrefu kabla haijaanza kugongwa. Ni programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibahatisha majina: root, admin, test, na nywila moja baada ya nyingine. Ukibana kwa anwani, wote hao wanaishia nje. Ukifungua kumbukumbu za seva asubuhi, walioingia ni watu unaowafahamu.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, na mambo yakaenda mbio. Modemu za 3G zikaingia mitaani, kompyuta za mezani zikapisha laptopu, na wenzetu wakaanza kufanya kazi wakiwa nyumbani. Miaka michache baadaye tukahamishia seva kwenye wingu. Orodha ya anwani haikukaa tena ndani ya seva. Ilikuwa kanuni unazoziandika kwenye ukurasa wa mtoa huduma: poti ipi, anwani ipi, na mwishoni /32, yaani anwani hii moja na si jirani yake. Mtu mmoja, mstari mmoja. Kwenye karatasi ilionekana safi kabisa.

Ila watu wetu hawakuwa na anwani za kudumu. Modemu ikizimwa na kuwashwa, inarudi na anwani nyingine. Bando likiisha, mtu anabadili laini, na anwani inabadilika tena. Wakati wa mgao wa umeme wa 2011 simu yangu haikulala. "Kaka, umeme umekatika huku Tabata, nimehamia kwenye simu. Niongezee hii." Naongeza. Saa mbili baadaye umeme unarudi, naye anarudi kwenye modemu, na ananipigia tena. Orodha ikarefuka: nyumbani kwa fulani, hoteli ya Mwanza, msibani Moshi. Kuongeza kulikuwa na mtu anayekuhimiza kwenye simu. Kufuta hakukuwa na wa kukuhimiza.

Kilichobadili mawazo yangu ni usiku mmoja ambapo wenzangu wawili, mmoja Mbagala na mwingine Tegeta, walinitumia anwani zao wakati mmoja, na anwani ilikuwa ileile. Nilidhani mmoja amekosea kunakili. Hakuna aliyekosea. Anwani za IPv4 hazizidi bilioni 4.3, na fungu kuu la dunia liligawiwa lote kufikia Februari 2011. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haiwezi kumpa kila mmoja anwani yake. Inachofanya ni kuwapa anwani za ndani, halafu inawatoa wengi nje kwa anwani moja, ikiwagawia poti zake 65,536. Mwaka 2012 likatengwa hata fungu maalumu la anwani za ndani kwa kazi hiyo, 100.64.0.0/10.

Maana yake ilikuwa nzito. Mstari niliouandika jina la mwenzangu ulikuwa umewafungulia pia watu wasiojulikana waliokuwa kwenye mtandao huohuo wa simu. Na asiyeweza kusubiri nipokee simu alikuwa na njia ya mkato: 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima, "kwa muda tu".

Lililoniuma zaidi ni nani aliyeumizwa na utaratibu ule. Hosts.allow ni sehemu ya kazi ya Wietse Venema, aliyoianza Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1990, wakati kompyuta zilikaa pale zilipofungwa na anwani zake zikakaa nazo. Huku kwetu aliyefungiwa nje alikuwa yule mwenye bidii, aliyeacha usingizi kurekebisha seva wakati mtaa wake uko gizani. Ulinzi unaomwadhibu mtu wa namna hiyo unamfundisha kuukwepa.

Mwaka 2020 tulibadilisha. WireGuard, programu ya VPN, iliingia kwenye Linux 5.6 mwezi Machi, nasi tukampa kila mtu ufunguo wake. Anaunganisha kutoka popote, kwa laini yoyote, hadi kwenye seva moja ya lango yenye anwani isiyobadilika. Seva nyingine zote zinaruhusu anwani ya lango hilo peke yake. Akiondoka kazini, tunafuta ufunguo mmoja na tumemaliza. Simu za usiku zilikoma ndani ya wiki ileile.

Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliniuliza: "Kaka, funguo tunazo. Anwani za nini tena?" Lilikuwa swali zuri, na Machi 2024 ilileta jibu. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana data, ukilenga SSH yenyewe. Alichokiona kwanza ni kwamba kuingia kulichelewa kama nusu sekunde, muda ambao enzi za setilaiti nisingeuhisi kamwe. Mlango ule ungemwingiza mwenye nao bila kujali funguo zetu. Ulinaswa kabla haujasambaa, lakini kama ungefika kwenye seva zetu, kilichobaki kumzuia kingekuwa ule mstari wa anwani ya lango: poti 22 isingemjibu.

Kwa hiyo hatukuufuta. Orodha yetu sasa ina mistari michache: lango, lango la akiba, na anwani ya ofisi ya mteja mmoja mwenye laini ya kudumu. Kila mstari umeandikwa aliyeuomba, sababu yake, na tarehe ya kufutwa, na tarehe ikifika programu inaufuta yenyewe. Kijana ndiye aliyeiandika.