Mbele ya Picha Kubwa Mjini Nairobi



Wengi wenu mmepata kuona sinema. Wazee wetu wanalikumbuka gari la sinema lililokuja kijijini, likatundika shuka nyeupe kati ya miti miwili, na watu wakakaa chini kutazama. Vijana wa leo hutazama picha katika televisheni, au katika simu ndogo ya mkononi. Lakini iko sinema ya namna nyingine, ambayo picha yake hujaza ukuta mzima, toka chini hata darini. Nataka kuwaeleza habari zake, maana huenda siku moja wewe au mwanao mkafika mahali kama hapo, na ni vema mjue mapema kinachowangoja.

Mimi niliiona Nairobi, mwezi wa Agosti mwaka 2019. Nilikwenda kumtazama dada yangu aliyeolewa huko, ambaye mumewe alifariki mwaka mmoja kabla. Kwetu Rombo safari hiyo haina mzunguko. Unavuka mpaka pale Tarakea, unaingia Loitokitok, na Kilimanjaro unauacha nyuma yako. Unapita Kimana hata Emali, unaikuta barabara kuu itokayo Mombasa, kisha unaifuata kwa njia ya Sultan Hamud na Athi River mpaka jijini.

Ukitoka katika Basilika ya Familia Takatifu, mtaa wa Mama Ngina hauko mbali, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Katika mtaa huo, kwenye jengo la 20th Century Plaza, mwaka 2012 ilifunguliwa sinema ya picha kubwa, ya namna iitwayo IMAX. Ndiko nilikokwenda na mpwa wangu, binti wa miaka minane. Dada yangu alikuwa amekwisha kuulizia hadithi ya picha iliyokuwa ikionyeshwa, akajua kwamba ndani yake yumo mtoto anayefiwa na baba. Alifikiri sana, kisha akaniambia, "Kaka, mpeleke aone. Lakini akae ubavuni pako, wala usimwachie mkono."

Basi tuingie ndani. Viti vimepangwa kama ngazi, safu juu ya safu, hata kichwa cha mtu aliye mbele yako hakikuzibii. Mbele yenu kipo kiwambo, yaani ile shuka nyeupe ya sinema, lakini hiki kimeenea toka ukuta mmoja hata wa pili, nacho kimepinda kidogo kuwaelekea watazamaji. Tena kina matundu madogo madogo yasiyoonekana kwa macho, na vipaza sauti vimewekwa nyuma yake. Kwa hiyo simba akinguruma, ngurumo inatoka kinywani mwake hasa. Kifua chako kinatetemeka kama umesimama karibu na ngoma kubwa.

Cha Nairobi si kikubwa kupita vyote. Kule London, karibu na kituo cha treni cha Waterloo, ilifunguliwa sinema ya namna hii mwaka 1999, na kiwambo chake kina urefu wa mita 20 kwenda juu na upana wa mita 26. Huo ni urefu wa mnazi mzee!

Walioanzisha mambo haya ni watu wa Kanada. Mwaka 1967 yalifanyika maonyesho makubwa ya mataifa katika mji wa Montreal, na huko watu waliona picha zikionyeshwa juu ya viwambo vingi kwa pamoja, kwa mitambo mingi. Kazi ilikuwa ya taabu. Basi Graeme Ferguson na wenzake wakawaza: kwa nini usiwepo mtambo mmoja wenye nguvu, na kiwambo kimoja kikubwa? Wakatumia mkanda mpana wa milimita 70, wakaupitisha kwa ulalo badala ya kuushusha toka juu, hata kila picha ikawa karibu mara kumi ya ile ya mkanda wa kawaida wa sinema. Walionyesha kazi yao mara ya kwanza Osaka, nchini Japani, mwaka 1970. Mwaka uliofuata wakafungua ukumbi wa kudumu huko Toronto. Siku hizi kumbi nyingi hazitumii tena mkanda, zinatumia mitambo ya kidijitali, lakini shabaha ni ile ile.

Shabaha yenyewe ni nini? Ukitazama televisheni, pembeni mwa macho yako unaendelea kuona ukuta, kiti, paka aliyelala. Vitu hivyo vinakukumbusha kwamba uko nyumbani kwako. Sinema ya picha kubwa imetengenezwa ili kukuondolea ukingo huo. Kila ugeuzapo macho, picha ipo. Hapo mwili wako unasahau kwamba umeketi. Niliona mtu mzima, mwenye mvi, akikishika kiti kwa mikono miwili kama aliye ukingoni mwa bonde.

Picha tuliyoiona ni ile ya "The Lion King" ya mwaka 2019, hadithi ya mwana wa simba anayeitwa Simba, mwenye rafiki aitwaye Pumbaa. Majina haya yaliwachekesha watu. Nyika ilikuwa kama nyika zetu: nyasi, vumbi, nzi masikioni mwa wanyama. Ungeapa kwamba mtu alikwenda mbugani na kuwapiga picha simba walio hai. Kumbe hapakuwa na simba hata mmoja! Wanyama wote walitengenezwa kwa kompyuta. Jon Favreau, aliyeiongoza kazi ile, alieleza kwamba katika vipande vyote vya picha ile, kipande kimoja tu kilipigwa kwa kamera hapa Afrika, nacho ni cha mwanzo kabisa: mapambazuko ya jua.

Ikafika saa ya nyumbu. Walishuka bondeni kwa maelfu, sakafu ikatetemeka chini ya miguu yetu, na baba yake Simba akaanguka, akafa. Mtoto wa simba akamwendea, akamsukuma kwa kichwa ili aamke. Nikasikia mkono wa mpwa wangu umekaza ndani ya mkono wangu. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, mbona hawamziki?"

Yule mtoto alikuwa amesimama kando ya kaburi la baba yake. Alijua kinachotakiwa kufanyika. Nikamwinamia nikamwambia, "Wanyama hawaziki, mama. Sisi ndio tunaozika, kwa sababu tunangojea ufufuko." Akanyamaza kidogo, kisha akaegemeza kichwa begani kwangu, akaendelea kutazama.

Msomaji mpenzi, fikiri kama mtoto yule angekuwa peke yake, au pamoja na watoto wenzake tu. Nani angemjibu? Mbele ya picha kubwa hakuna ukuta wa kupumzisha macho, na hata ukifumba macho, sauti inakufuata. Kwa hiyo uchaguzi haufanyiki ukiwa umekwisha kukaa kitini. Unafanyika mlangoni, kabla ya kununua tikiti.

Kanisa liliyaona hayo zamani. Mwaka 1936 Papa Pius XI aliandika waraka juu ya sinema, akaeleza kwamba watu huitazama gizani, hali nguvu za akili na hata za roho zimelegea. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, uliwakumbusha wazazi kwamba ni wajibu wao kulinda yanayoingia nyumbani mwao, na vijana wajizoeze kiasi. Kanisa halikusema sinema ni mbaya. Lilisema ni chombo chenye nguvu, na chombo chenye nguvu kinataka mkono wa kukishika.

Basi mwanao akikuomba ruhusa ya kwenda kutazama sinema mjini, usikatae kwa hofu tu, wala usikubali kwa kuchoka kuombwa. Uliza: Ni picha gani? Ina habari gani? Nani atakaa naye? Dada yangu hakusoma sana, lakini aliuliza maneno hayo matatu, na yalitosha.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa Nairobi peke yao. Mtoto aliyejifunika shuka usiku, na simu imekaribia pua yake, naye haoni ukingo wowote. Kwake picha ile ndogo ni kubwa kama ya London. Mfunue, ukae karibu naye, umwulize anatazama nini. Pengine analo swali ambalo hana wa kumwuliza.