Jalada la Askari Kanzu

Msomaji wangu, katika kazi zote zilizobuniwa na binadamu kwa ajili ya kulinda sheria, sidhani kama iko iliyo nzito kuliko kazi ya askari kanzu. Askari mwenye sare hujulikana kwa mbali. Mwenye hatia humkimbia, na mwenye shida humwita. Askari kanzu huvua sare, na mara nyingine huvua hata jina lake. Akitumwa kuingia katika genge la majambazi hana budi kula nao, kucheka nao, na kutenda baadhi ya matendo yao. Jirani humsema. Polisi wenzake wasiomjua humpiga virungu sawasawa na wahalifu wengine. Wema wake wote umewekwa amana mahali pawili tu: katika kifua cha mkubwa mmoja aliyemtuma, na katika jalada moja lililofungiwa. Mkubwa huyo akifa, na jalada likipotea, je, mtu huyu ni nani?

Swali hili ndilo roho ya filamu iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 2002 na waongozaji Andrew Lau na Alan Mak. Kwa Kiingereza huitwa Infernal Affairs. Jina lake la Kichina ni zito zaidi, kwa maana latokana na mafundisho ya Kibudha juu ya jehanamu ambayo mateso yake hayana mapumziko. Huenda wewe unaifahamu zaidi The Departed, nduguye mdogo wa Kimarekani, filamu iliyoongozwa na Martin Scorsese mwaka 2006 na kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka uliofuata. Nayo ni nzuri, ingawa kwa masikio yangu matusi yake yamepita haja. Mimi nampenda zaidi ndugu mkubwa.

Mambo yake kwa ufupi ni haya. Polisi wamempeleka kijana wao, Yan, akaishi ndani ya genge, naye amekaa huko karibu miaka kumi. Kwa upande wa pili mkuu wa genge amempeleka kijana wake, Lau, katika chuo cha polisi, na huyo amepanda cheo hadi kuwa afisa anayeheshimiwa. Kisha kila mmoja anaagizwa kumtafuta mwenzake. Mwema anachukua lawama ya mwovu, na mwovu anakula matunda ya sifa ya mwema. Tony Leung, aliyeigiza Yan, husema machache. Uchovu wake wote u machoni.

Ewe mwanafunzi uliyechoka kusahihishiwa tahajia, utafurahi kusikia kwamba siri inafichuka kwa sababu ya kosa la kuandika. Mkuu wa genge anawaamuru watu wake waandike habari zao, zitiwe katika bahasha. Mmoja wao hawezi kuandika neno sawasawa, na Yan anamsahihishia. Siku nyingi hazipiti, Yan anaiona bahasha ile ile juu ya meza ya Lau, ndani ya ofisi ya polisi, ina mwandiko wa mkono wake mwenyewe. Anaondoka kimya. Lau anatambua kuwa amejulikana, na hapo anatenda jambo lisilo na kishindo hata kidogo: anaketi mbele ya kompyuta na kulifuta jalada la Yan. Hapana risasi, hapana damu. Kidole kimoja tu. Mkubwa aliyemtuma Yan alikwisha kuuawa kwa kutupwa kutoka juu ya jengo. Sasa na jalada limekwenda.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Katika vita vya Mau Mau serikali ya kikoloni iliunda makundi ya watu waliojifanya wapiganaji wa msituni, wengi wao wakiwa wapiganaji waliotekwa na kugeuzwa, ili wawasake wenzao wa jana. Dedan Kimathi, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, aliwindwa kwa njia hiyo. Na mji wa Lodwar, ambako niliitazama filamu hii mara ya kwanza, katika chumba cha rafiki, feni ikizunguka bila kuleta baridi, una kumbukumbu ya namna yake. Jomo Kenyatta aliwekwa hapa kizuizini tangu mwaka 1959 hadi 1961, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung. Shahidi mmoja wa kesi ya Kapenguria, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi aliotoa juu ya Kenyatta ulikuwa wa uongo, na kwamba alikuwa amenunuliwa. Serikali ile haikumfungua Kenyatta kwa neno hilo. Ilimfunga Macharia.

Hata hivyo ni Kakuma iliyonifundisha kuitazama filamu yenyewe. Kakuma iko kama kilomita 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara iendayo Sudani Kusini. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, walipofika kwa miguu vijana waliokimbia vita vya Sudani. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, inahifadhi watu zaidi ya 200,000. Nilikwenda kwa shughuli za shule, na jioni moja nikaingia katika banda la video, mabati juu na mabati kando, jenereta ikinguruma nje. Alikuwako mfasiri mwenye kipaza sauti, kijana Mkongo, ambaye alikuwa akiwasemea Wachina kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake alipoona chakula kimepooza. Watu walicheka. Bunduki ziliposema, nao walisema. Lakini Lau alipokiweka kidole chake, banda zima lilinyamaza. Mfasiri akatamka neno moja, "Amelifuta," naye akanyamaza.

Huko Lodwar tulipita juu ya kituo hicho kama watu wanaongojea bunduki. Fikiri sasa, msomaji, habari za mtu aliyevuka mpaka usiku, mtoto mgongoni, hana cheti cha kuzaliwa wala cha shule. Mwalimu aliyemfundisha amekufa, au yuko katika nchi nyingine. Anaulizwa jina lake, kijiji chake, nani amekufa na nani amebaki, na majibu yake yanaandikwa. Tangu siku hiyo karatasi ile ndiyo ukoo wake na ndiyo jirani yake. Kadi ya chakula hutokana nayo. Ruhusa ya kusafiri hutokana nayo. Herufi moja ikikosewa katika jina la baba, ndugu wawili huonekana kuwa si ndugu. Watu wa namna hii hawakuhitaji kufasiriwa tendo la Lau.

Filamu hii ina miisho zaidi ya mmoja. Katika ule wa Hong Kong, Yan anapigwa risasi mlangoni mwa lifti, na Lau anabaki afisa mwenye sifa. Kwa watazamaji wa China bara ulitengenezwa mwisho mwingine, ambamo Lau anakamatwa. Wamarekani walimwua wa kwao. Mfasiri wetu, ambaye nadhani hakupata kusikia habari za China bara, alijitungia vivyo hivyo: picha ilipokwisha alitangaza kwamba kesho yake polisi walimtia Lau pingu. Vijana wakapiga makofi. Mimi nashikamana na Hong Kong, kwa sababu jehanamu isiyo na mapumziko ni ya Lau aliye hai, anayelazimika kuwa mtu mwema kila asubuhi kwa gharama ya maiti.

Mzee mmoja Mdinka aliyeketi karibu nami hakupiga makofi. Alingoja kelele zitulie, akaniuliza, "Mwalimu, yule aliyekufa walimwacha na jina la mwizi?"

"Hapana, Mzee. Baadaye daktari aliyekuwa akimtibu aliziona karatasi nyingine zilizomtaja, akapewa heshima ya askari kaburini pake."

Akafikiri kidogo. "Na karatasi hizo zilikuwa wapi siku zote hizo?"

Nikamwambia kwamba zilikuwa zimefichwa na mkubwa mwingine, ambaye naye alikuwa amekwisha kufa. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, tukatoka.