Kodiani ya Baba Mkwe

Mwezi huu tunawasimulia kosa tulilolifanya sisi wakaza mwana watatu wa nyumba moja hapa Kyela, ili nanyi mjifunze.

Baba mkwe wetu alikuwa miongoni mwa Wanyakyusa wengi waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, kabla uandikishaji huo haujakomeshwa baada ya Uhuru wa 1961. Alirudi na mablanketi, baiskeli na kodiani ya vifungo aina ya Hohner, kutoka Ujerumani. Ina vifungo 21 mkono wa kulia na 8 mkono wa kushoto.

Kwa mila zetu, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Wakristo wengi wamelegeza desturi hiyo, lakini mzee wetu aliishika. Hivyo tulimfahamu zaidi kwa kodiani yake. Ikilia kule migombani, tulijua amekula na hajambo. Alipofariki, iliwekwa darini kwa Mama.

Baada ya masika ya mwaka jana, mfanyabiashara mmoja alitaka kuinunua kwa shilingi 40,000. Tukawaza sare za shule. Kwa kuwa ilinuka ukungu, tuliianika juani kando ya mpunga, kama tunavyoanika magodoro. Jioni tulipoivuta, ilitoa pumzi tu, na ndani vitu viligongana. Mnunuzi akaondoka zake. Tukairudisha darini kimya kimya.

Wiki haikupita, Mama, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, akatuita. "Wanangu, niteremshieni kodiani ya baba yenu. Nataka niisikie kabla sijaondoka."

Tulitazamana. Tungeweza kusema imeoza yenyewe. Tulipiga magoti tukamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, itafutieni daktari."

Mmoja wetu, anayeandika haya, ni muuguzi, na neno hilo lilimchoma. Hospitalini hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Nyumbani tulitibu bila kupima.

Tulimpata fundi mzee mjini Mbeya. Alitufungulia tukaona. Ndani mna ndimi nyembamba za chuma zinazotetemeka hewa ikipita. Ndimi hizo zimefungwa kwenye vibamba vidogo, na vibamba vimegandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti wa paini. Jua letu liliiyeyusha nta, vibamba vikadondoka.

Akatufundisha kupima. Kwanza, inuse, harufu ya ukungu ni dalili ya unyevu, na unyevu huleta kutu. Pili, fungua mikanda, ishike upande mmoja juu bila kubonyeza kitu, upande wa pili uning'inie. Ikishuka polepole, mvukuto ni mzima, ikiporomoka, unavuja. Tatu, bonyeza kila kifungo ukivuta na ukisukuma, kwa maana katika kodiani ya namna hii kifungo kimoja hutoa sauti mbili. Nne, tazama nta. Nzuri hushika alama ya ukucha. Iliyochoka hupasuka kama tope kavu.

Mvukuto wetu ulikuwa mzima, ila kona mbili zilihitaji ngozi mpya. Fundi alisafisha kutu taratibu, akarudisha vibamba kwa nta mpya, akabadilisha vingozi vilivyojikunja. Alitukataza kabisa kukwangua ndimi kwa kisu: ukikwangua ncha, sauti hupanda, ukikwangua shina, hushuka, nawe huwezi kurudisha chuma ulichokiondoa. Gharama ilikuwa shilingi 150,000. Tulizitoa kwenye upatu wetu, na sare tukashona kwa awamu.

Jumapili moja baada ya ibada, shemeji yetu aliipiga uani. Mama aliketi kwenye kigoda, macho amefumba. Sauti moja ya chini ilikoroma. Tukaogopa, tukamwambia tutairudisha kwa fundi.

"Iacheni," alisema. "Hiyo ilikoroma tangu ananichumbia." Akacheka hadi machozi yakamtoka, nasi tukacheka naye.

Mama yu hai, na kila Jumapili huiulizia. Tunaihifadhi sandukuni, mbali na sakafu na mbali na bati, na inapigwa kila wiki ili isikae na unyevu.

Akina mama, mnapofagia dari, msiharakishe kuuza wala kuanika. Pimeni kwanza, na muulizeni aliyeishi na kitu hicho. Na mkikosea, semeni mapema.