Kundi la Sita

Nimefundisha hisabati na jiografia kwa miaka 34, kwanza sekondari, kisha chuoni. Somo ninalolithamini kuliko yote nililipata Idodi, nyumbani kwetu, nikiwa na gunzi la hindi mkononi.

Nilipomaliza kidato cha sita, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa linataka mtu afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Nikawa mwalimu, na katika Sensa ya 1978 nikafanya ukarani. Nilipita vitongoji kwa miguu, dodoso kwapani. Kaya ya watu saba kando ya mto na kaya ya watu saba huko ambako ndoo ya maji humaliza asubuhi nzima, kwenye fomu zilikuwa sawasawa. Hilo lilinikera. Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, nikaomba hisabati na jiografia, yote mawili, na hata mshauri wa masomo aliponisihi nishike moja, nilikataa.

Idodi iko bondeni, chini ya nyanda za juu za Iringa, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Mvua kwetu ni haba. Msimu wake tunalima mpunga. Kiangazi ni nyanya na vitunguu, na vyote vinategemea maji yanayoshuka kutoka milimani na kugawanywa kwa mifereji. Mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na miaka iliyofuata ukawa unakatika tena na tena. Kuanzia Usangu, upande wa Mbeya, hadi kwetu, kila mwenye banio akaonekana mwizi wa maji ya wanyama na ya bwawa la Mtera. Niliumia, kwa sababu waliosemwa hivyo ni wazazi wangu na majirani zangu, na hakuna aliyekuwa amewapimia wanachotumia.

Basi likizo ya mwaka 1999 kamati ya mfereji mmoja iliponiomba nipime maji, sikusita. Tulipima mita 10 kwa kamba, tukatupa gunzi, likatumia sekunde 25. Upana wa juu sentimita 90, kina 30. Nikazidisha palepale na kutangaza lita 108 kwa sekunde. Watu wakashangilia. Usiku sikulala vizuri. Kingo za mfereji zimeinama, chini upana ni sentimita 50 tu, na maji ya juu yaliyobeba gunzi hukimbia kuliko yanayosuguana na matope. Nilipokokotoa upya nilipata lita 67. Asubuhi nilirudi kwa watu walewale nikawaambia nimekosea, maji niliyowaahidi jana hayapo. Ni jambo gumu kulisema mbele ya wazee waliokusomesha.

Bibi mmoja wa mwisho wa mfereji alingoja hadi wengine walipotawanyika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, lita mimi sizijui. Ninachojua ni kwamba sisi kundi la sita hatujawahi kumwagilia jua likiwaka."

Nikamuuliza zamu zinakwendaje. Makundi ni sita, akasema, zamu mbili kwa siku, ya mchana na ya usiku, kila kundi kwa saa 12, hakuna anayependelewa. Nilichora kwa kijiti mchangani: la kwanza mchana, la pili usiku, la tatu mchana, la nne usiku, la tano mchana, la sita usiku. Kisha la kwanza tena, mchana. Sita hugawanyika kwa mbili. Makundi ya pili, ya nne na ya sita yangebaki gizani hata miaka mia. Na usiku wa Idodi ni wa tembo. Bibi yule alikuwa akielekeza maji kwa jembe huku mjukuu wake akishika tochi na kupiga debe.

Hakuna aliyekusudia dhuluma ile, na kwa hiyo hakuna aliyeiona. Saa zilikuwa sawa daftarini, kama zile kaya zangu za 1978.

Nilipendekeza kwenye mkutano tuyavunje makundi yale tuunde saba. Saba haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo aliyeanza mchana, duara likizunguka huangukia usiku, na wa usiku hupata mchana. Ubishi ulichukua siku mbili, maana wa mchana walijua wanachopoteza. Mzee mmoja wa kundi la kwanza ndiye aliyeumaliza. Alisimama, akaangalia mchoro wangu wa mchangani kwa muda mrefu, akasema yeye ana wana watatu wenye nguvu, usiku hautamshinda.

Siku ya nne ya mpango mpya nilishuka hadi mwisho wa mfereji. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Bibi alikuwa peke yake kati ya matuta ya vitunguu, amepandisha kitenge magotini, anafungua tuta kwa jembe na kulifunga, anafungua jingine. Mjukuu hakuwepo. Nilipomuulizia, akanijibu bila kuinua kichwa: "Yuko shule."