Kwa Nini Baharini Tunachelewa

Tangu majira ya joto yaanze, wanachama wenzangu wameniuliza swali moja zaidi ya mara kumi: mbona bwawani unamaliza mita 1,500 kwa dakika 30, na baharini umbali huohuo unakuchukua karibu dakika 40? Wengine wanatania kwamba ninazeekea njiani kati ya chuo na pwani ya Kent. Nimeona nijibu kwa maandishi, maana jibu linawahusu wote waliojiandikisha kuogelea baharini mwezi Julai.

Kwanza ni ukuta. Bwawa letu lina urefu wa mita 25. Anayeogelea mita 1,500 humo hugeuka mara 59, na kila akigeuka huusukuma ukuta kwa miguu yote miwili. Kwa mita chache baada ya hapo huenda kasi kuliko mikono inavyoweza kumvuta. Hata mabingwa huutegemea. Mwaka 2021, Abu Dhabi, Mjerumani Florian Wellbrock aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika bwawa la mita 25: dakika 14 na sekunde 6.88. Mwaka 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Mmarekani Bobby Finke aliweka rekodi ya bwawa la mita 50: dakika 14 na sekunde 30.67. Ni watu wawili tofauti, lakini wote ni bora duniani, na tofauti yao ni zaidi ya sekunde 23. Katika bwawa refu mtu hugeuka mara 29 tu. Baharini hageuki hata mara moja.

Pili ni mstari. Chini ya bwawa kuna mstari mweusi, na kamba za kugawa njia hutuliza mawimbi ya jirani yako. Baharini huoni kitu chini. Inabidi kila baada ya muda uinue kichwa utafute boya, na kichwa kikipanda miguu hushuka, mwili ukakokota maji mengi zaidi. Usipoinua kichwa, unapinda. Siku moja saa yangu ilionyesha mita 1,720 mahali ambapo, kutoka boya hadi boya, ni mita 1,500. Mawimbi nayo yakikupiga ubavuni unakwenda mrama kama ngalawa.

Tatu, bahari yenyewe inatembea. Kutoka Dover hadi Ufaransa ni kama kilomita 33 kwa mstari ulionyooka. Nahodha Matthew Webb alipovuka hapo Agosti 1875, alitumia saa 21 na dakika 45, na kwa jinsi maji yalivyomsukuma huku na huko inakadiriwa aliogelea zaidi ya kilomita 60. Hadi leo wengi wanaovuka huchagua siku za maji mafu badala ya bamvua. Kwetu Tanga hilo si somo geni. Babu yangu alikuwa mvuvi, na ukimuuliza kisiwa cha Toten kiko mbali kiasi gani, naye hukuuliza: "Maji yanajaa au yanakupwa?"

Ni kweli chumvi hutusaidia kuelea. Lakini msaada huo ni mdogo ukilinganisha na vyote tulivyovikosa.

Sasa nije kwenye fomu za Julai. Tutaogelea kilomita 2.5, na waandaaji wametupa dakika 80. Fomu inauliza muda wako, na wengi mmejaza muda wa bwawani. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika dakika 70. Nilipomwomba afikirie upya, aliumia. "Dada, unaniona dhaifu?" Sikumwona dhaifu. Dakika zake 70 nilizihesabu mwenyewe nikiwa kando ya bwawa. Lakini akichelewa baharini kama ninavyochelewa mimi, atapita dakika 90. Kutolewa majini na boti si aibu. Ninachokiogopa ni zile dakika 20 za ziada. Maji ya huku hata Julai ni baridi sana kwa sisi tuliozoea ya kwetu. Mikono huanza kufa ganzi, mtu akapunguza kasi, na kadiri anavyopunguza ndivyo anavyozidi kupoa. Watu wa boti nao hupanga kazi yao kwa muda tuliouandika sisi.

Tulikubaliana hivi: asifute jina, ila kwanza tuogelee pamoja baharini kilomita moja, tupime, kisha aamue. Nawaomba wengine mfanye vivyo hivyo. Kila Jumamosi asubuhi nakwenda pwani na wenzangu wawili, na mmoja hubaki nchi kavu na saa, chai na mablanketi. Njooni kabla ya fomu kufungwa, muandike muda mlioupata baharini.