Kukimbia na Kumkimbia

Kila mwaka, nifikapo katika somo la mnyambuliko wa vitenzi, mimi huandika ubaoni kitenzi kimoja: kukimbia. Wanafunzi wangu wa hapa Bwaise, ambao nyumbani husema Kiganda na Kiswahili hukikuta darasani, hucheka, kwa kuwa wanajua mwalimu wao ni mkimbiaji. Kisha huwaonyesha jinsi silabi moja igeuzavyo maana. Nakimbia: hapo ipo miguu yangu na njia. Namkimbia: hapo yupo mtu niliyemwacha nyuma. Namkimbilia: yupo mtu ninayemwendea anisitiri. Namkimbiza: yupo mwizi mbele yangu, au yupo mgonjwa mikononi mwangu. Somo hilo nililifundisha miaka mingi kabla halijanifundisha mimi, na ndilo ninalotaka kuwasimulia wasomaji wa jarida letu.

Bwaise imekaa bondeni, kaskazini mwa jiji la Kampala. Mfereji wa Nsooba hupita kwetu ukielekea kinamasi cha Lubigi, na mvua kubwa ikinyesha, maji hubisha hodi majumbani bila kungoja kukaribishwa. Si mahali ambapo mtu angepachagua kwa mazoezi ya mbio ndefu. Lakini tangu Agosti 2012, Stephen Kiprotich alipoishindia Uganda medali ya dhahabu ya marathoni mjini London, nami nilianza kuamka alfajiri. Baba yangu alifurahi kuliko mtu yeyote. Yeye alikuwa kijana wa reli mwaka 1972, alipomsikia redioni John Akii-Bua akitwaa dhahabu ya kwanza ya nchi yetu mjini Munich, katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. "Miaka arobaini nimeingoja ya pili," aliniambia, "sasa wewe usiniangushe." Alisema kwa mzaha, lakini kila Novemba aliniuliza ni kilomita ngapi nimekimbia.

Mwaka 2023 niliazimia kukimbia kilomita zote 42 na mita 195. Nilianza kujitayarisha tangu Januari. Jioni moja ya Februari, kikombe kilimponyoka Baba mkononi. Akasema mkono wa kulia ni mzito. Nikamjibu, "Umechoka, Baba. Lala." Saa kumi na moja alfajiri nilitoka bila kumchungulia, nikashika barabara ya Bombo hadi kupita Maganjo. Mke wangu alikuwa amekwenda mapema soko la Kalerwe. Watoto walikuwa bado wamelala. Niliporudi, jua limekwisha kupanda, nilimkuta sakafuni kando ya kitanda. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Alinitazama, akatoa sauti isiyokuwa neno.

Tulimpakia katika gari la jirani, tukamkimbiza hospitali. Daktari alikuwa mpole. Aliuliza swali moja ambalo bado nalisikia: "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Kiharusi cha namna hii hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa wa ubongo, na ipo dawa ya kuyeyusha damu hiyo, ila sharti itolewe ndani ya saa chache tangu dalili kuanza, kwa kawaida si zaidi ya nne na nusu. Baada ya hapo hatari yake huweza kuzidi faida. Nami sikuwa na saa ya kumtajia. Naliweza kumweleza daktari kila kilomita niliyoikimbia asubuhi ile na dakika zake, lakini sikuweza kumweleza habari za baba yangu.

Tuliporudi naye nyumbani, nilivitupa viatu vya mbio juu ya kabati. Kazi ya kuuguza ikaanza. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Tulimnywesha uji kwa kijiko, ameinuliwa kichwa, usije ukampalia. Tulimnyoosha mkono na mguu. Tulimpa dawa za shinikizo la damu kwa saa zake. Mke wangu alishika mchana, mimi usiku, na asubuhi niliingia darasani macho mekundu. Wiki saba sikukimbia hata hatua moja. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo adhabu yangu, na kwamba mwana mwema hakai mbali na kitanda cha mzazi.

Adhabu ile haikumfaa mtu. Nikawa mkali kwa watoto, mkali kwa wanafunzi. Usiku mmoja Baba aliutema uji, nami nikamfokea. Nilimfokea baba yangu, mtu asiyeweza hata kunijibu. Machozi yakamtoka jicho moja, kisha la pili. Sijaliandika jambo hili popote kabla ya leo.

Asubuhi yake jirani yetu, mama mmoja auzaye maandazi, alikuja kumjulia hali. Akanitazama mimi badala ya mgonjwa. "Mwalimu," akasema, "humu ndani wagonjwa sasa ni wawili. Mimi nitakaa na mzee, nenda kanyooshe miguu." Nikakataa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mama yule alikuwa amekwisha kuuinua mzigo wetu na kuupima uzito wake. Hofu yangu ilikuwa nyingine: kila nilipofikiri kutoka, nilijiona namkimbia Baba kwa mara ya pili.

Katika siku hizo tulikuwa tukimfundisha Baba kusema upya. Mtaalamu alitueleza kwamba mgonjwa wa kiharusi aliyepotewa na maneno huweza bado kuwa na yale aliyoyazoea kwa kuyarudia, kama vile kuhesabu, salamu na sala. Nikamwambia, "Moja." Naye, asiyeweza kuomba maji, akaendelea: mbili, tatu, nne, hata kumi. Tena alihesabu kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mama yake. Baba ni mzaliwa wa Tororo, na katika reli, walikokutana watu wa kila kabila, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Ndicho alichohesabia mataruma. Walimu wenzangu, wako wanaotuuliza Waganda wana haja gani na Kiswahili. Mimi nilikikuta kwa Baba pale maneno yake mengine yote yalipokuwa yamefichika.

Baada ya hesabu tukaingia katika majina ya vitu. Nilimwonyesha kikombe, akasema kijiko. Nilimwonyesha kijiko, akanyamaza. Siku moja ya Aprili, nikiwa nimeishiwa vitu, niliviteremsha viatu vya mbio toka juu ya kabati, nikamwinulia kimoja. Alikitazama muda mrefu, akasema, "Kimbia."

Sijui hata leo kama lile lilikuwa jina la kiatu lililopotea njia, au lilikuwa amri. Kisarufi, yote mawili yanawezekana. Nilikaa kitako na kiatu mkononi, kisha nikakivaa.

Tangu siku hiyo nilibadili mazoezi. Sikuishika tena barabara ya Bombo kwenda mbali. Nilichora mzunguko wa kilomita moja na nusu tu, kutoka mlangoni petu hadi karibu na barabara ya mchepuko ya kaskazini, na kurudi kwa njia ya nyuma. Nilikimbia siku tatu kwa juma badala ya tano. Jirani alimkalisha Baba kwenye kiti mlangoni, na kila nilipopita, Baba alihesabu mzunguko kwa sauti. Zoezi langu likawa zoezi lake. Mara nyingine aliruka kutoka nne hadi saba, nami nikazawadiwa mizunguko miwili. Mara nyingine alirudi kwenye tatu, nikatozwa faini. Mwanzoni nilimsahihisha, kwa kuwa ualimu ni maradhi. Baadaye niliacha, nikakimbia kwa hesabu yake.

Si kwamba mambo yalinyooka. Mwezi wa Mei maji yalijaa vichochoroni, na hata mlango wenyewe haukufaa kukalia mgonjwa. Agosti, Baba aliugua kifua, tukakesha naye, na mazoezi ya siku kumi na mbili yakapotea. Septemba nilipiga hesabu, nikaona kilomita 42 haziwezekani kwa mwili niliokuwa nao. Nikachagua mbio za kilomita 21. Zamani ningeona haya. Safari hii niliona kwamba nimepunguza tarakimu tu, ahadi iko pale pale.

Novemba nilikimbia kutoka uwanja wa Kololo, nikapanda na kushuka vilima vya Kampala pamoja na maelfu ya watu, nikamaliza kwa saa mbili na dakika ishirini na sita. Sikungoja picha. Nilipanda bodaboda na jasho langu hadi Bwaise. Baba alikuwa mlangoni katika kiti chake. Alinitazama nikishuka, akainua mkono wa kushoto ulio mzima, akasema kwa uhakika kabisa, "Moja."

Kwa hesabu yake, nilikuwa nimezunguka mara moja tu. Alikuwa sahihi.

Leo Baba hutembea kwa mkongojo hadi kwenye kibaraza. Maneno mengi yamerudi; mengine hayakurudi, na mkono wa kulia bado hauaminiki kwa kikombe. Nami sijasamehewa swali la daktari, wala sidhani mazoezi yatalifuta. Ila nimejifunza kulitumia: kila muhula, kabla ya sarufi, huwaambia wanafunzi kwamba mtu akipinda mdomo, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, wasimwambie alale. Waitazame saa, wamkimbize hospitali.

Kisha naandika ubaoni kitenzi changu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, mtu atajuaje kama anakimbia tu, au kuna mtu anayemkimbia?" Nilimjibu kwamba katika sentensi kiambishi kitamwonyesha. Katika maisha, nilimwambia, aangalie kama njia yake inapita tena mlangoni.